Gadeni tuko wangapi? Naomba hesabu ya mtaa, si ya kaunti nzima

UmmuGadeni aliandika:

Asalaam aleikum nyote, na wasio Waislamu hamjambo.

Nimekwama na karatasi moja. Kamati yetu ya maji hapa Gadeni, Lamu mjini, imeomba msaada wa tangi na mabomba. Tuliandika barua, tukapiga picha ya madumu yaliyopangwa foleni, tukapeleka. Jana mfadhili amejibu kwamba barua ni nzuri lakini kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo anataka ukurasa mmoja wa "hali ya mtaa": watu ni wangapi na wa umri gani, wanakaa nyumba za namna gani, na wanafanya kazi gani.

Wenzangu kwenye kamati ni watu wazima. Wote wakanigeukia mimi kwa kuwa ndiye mwenye simu ya maana na bando. Basi nimekesha nayo. Kila ninachobonyeza ni Lamu kaunti, Lamu kaunti, Lamu kaunti. Nikiandika Gadeni naletewa mahoteli yenye bustani. Mwenyekiti akasema andika elfu tatu, nani atakuja kuhesabu. Katibu akasema la, weka elfu tano, tukijifanya wachache tutaletewa tangi la kunyweshea kuku. Wakabishana hadi adhana ya isha ikawatenganisha.

Kwenye kazi ndiko kugumu zaidi. Leo asubuhi nimepita nyumba nne za jirani kwa majaribio. Ya kwanza: "Hatuna kazi, mwanangu." Ya pili: "Kazi iko wapi Lamu hii?" Nikiwa nimesimama mlango wa tatu nangoja kufunguliwa, akapita mtoto na sinia la kaimati kichwani anauza. Ametoka nyumba ile ile ya kwanza.

Sasa nauliza. Kuna mahali takwimu za mtaa hupatikana? Na kama hakuna, nihesabu vipi mwenyewe, nisidanganye na wala nisijipunje?

kijana_wa_Mokowe alijibu:

Dada hiyo ni sekunde tano tu. Sensa ya 2019: Lamu watu 143,920. Watu 23 kwa kilomita moja mraba. Chukua, gawanya kwa mitaa, maliza, nenda kalale.

BiKarani alijibu:

Kijana wa Mokowe, hiyo 23 yako ina msitu wa Boni ndani yake. Vuka na boti ya saa moja asubuhi uje Gadeni, ukutane na punda watatu wa saruji na watoto wa chuoni kwenye uchochoro mmoja, kisha unionyeshe ilipo hiyo kilomita mraba.

Ummu, nitakuita mwanangu, maana unaandika kama binti yangu wa pili, naye pia hukesha na simu. Mimi nilikuwa karani wa sensa mwaka 2019. Eneo langu lilikuwa upande wa nyuma wa Langoni, si mbali na kwenu. Siku hizi nashona mapazia, lakini mambo ya wiki ile sijayasahau, na baadhi nimekuwa nikingoja mtu aniulize.

Kwanza hilo la mahali. Matokeo yalichapwa kwa juzuu. Juzuu la pili hushuka hadi kata ndogo: wanaume, wanawake, kaya, ukubwa wa eneo, basi. Gadeni si kata ndogo. Ni jina tunaloitana sisi, kama Kashmir, Kandahari na Bombay, na shirika la takwimu halina kitabu cha majina ya kuitana. Juzuu la nne ndilo lenye kuta, mapaa, vyoo, maji na kazi, lakini hilo linaishia kaunti ndogo. Na kaunti ndogo ya Lamu Magharibi ina Mpeketoni ndani yake, ina Witu, ina Hindi, zaidi ya watu laki moja na ishirini elfu kwa pamoja, wakati mji wetu wote ni watu 25,000 na kitu. Shamba la mahindi na baraza la Langoni vimetiwa sufuria moja vikakorogwa. Ukinakili asilimia za mule utamwambia mfadhili kwamba Gadeni tunalima.

Na wala usihesabu nyumba ukazidisha kwa 3.9. Hiyo ni wastani wa watu katika kaya moja, Kenya nzima, na kuna mtu atakushauri uitumie, nakuona.

Sasa habari ya kaya, maana hapa ndipo hesabu zote hupotea. Kwenye mafunzo tuliambiwa kaya ni watu wanaoishi pamoja, wana mkuu mmoja, na wanakula chungu kimoja. Nikaandika vizuri kwenye daftari, nikapewa kishikwambi, nikatoka. Nyumba yangu ya tatu siku ya kwanza ilikuwa nyumba ya mawe ya kizamani, chini na juu. Nikapiga hodi, nikakaribishwa hadi msana wa tini, ukumbi wa chini. Bibi mwenye nyumba amekaa kitandani anachambua mchele kwenye uteo. Juu yuko binti yake mkubwa na mume na watoto. Ng'ambo ya wikio, kile kivuko cha juu kinachounganisha nyumba mbili, yuko binti mdogo, maana babake alimjengea alipoolewa, kama desturi yetu ilivyo. Sabule ya mbele, chumba cha wageni, wamempangisha mwalimu kutoka bara. Nikauliza, "Bibi, hapa mko kaya ngapi?" Akacheka. "Kaya? Siye ni watu moya." Nikauliza kama nilivyofundishwa, "Mnapika vyungu vingapi?" Akaacha uteo, akafikiri kweli kweli. "Vyungu vitatu," akasema, "lakini tumbi ya munyu ni moya." Chumvi yao ni moja! Nikakisoma kishikwambi juu hadi chini. Hakikuwa na nafasi ya chumvi.

Nikaandika kaya nne, tatu zao na moja ya mwalimu, ambaye jiko lake la mafuta lilikuwa chini ya ngazi. Jengo moja, kaya nne. Nyumba mbili mbele kulikuwa na kasri limetengenezwa upya, kuta nyeupe, zidaka zimepangwa vyombo, mwenyewe yuko Ulaya. Kufuli. Mlinzi, kijana wa kutoka Hindi ya huku huku Lamu, alilala kwenye daka la nje. Jengo moja, kaya moja, mtu mmoja. Nyumba kubwa kuliko zote katika eneo langu ndiyo iliyokuwa na watu wachache kuliko zote. Kwa hiyo ukihesabu milango, mwanangu, umeharibu kazi. Hesabu vyungu.

(Hapo kwenye kasri nilitaka kuandika namba kwa chaki kama tulivyoagizwa. Mlinzi akaruka: "Mama, si kwenye mlango wa nakshi, nitafukuzwa!" Tukaiandika kwenye jiwe la daka. Mvua ikaifuta.)

Halafu usiku wenyewe. Sensa ile ilikuwa ya usiku wa Jumamosi tarehe 24 Agosti kuamkia Jumapili. Watu walidhani nauliza nani anakaa hapa. Hapana. Nilikuwa nauliza nani alilala hapa usiku ule. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto wa Langoni walikuwa wamejaa Mombasa kwa mashangazi, na watoto wa Mombasa wamejaa Langoni. Kijana aliye Saudia hayumo, ingawa ndiye anayelipa stima ya nyumba nzima. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia nimwandike mwanawe, "ni wangu na anarudi." Sikumwandika. Alinuna, na mpaka leo tukikutana sokoni salamu yake ni nusu.

Mwenzangu wa eneo la pili alikuwa mwanamume, kijana mzuri tu, mwenye adabu. Nyumba nyingi alibaki kwenye daka, akiuliza kupitia mtoto. Mtoto anakimbia ndani, anarudi na jibu. Mimi niliingia hadi jikoni. Nilikuja kufikiri baadaye kwamba nambari zake na zangu zinaweza kutofautiana kwa sababu hiyo tu: yeye alihesabu watu wa kuambiwa, mimi nilihesabu ndara mlangoni na vikombe vya chai. Kwa hiyo katika kamati yenu, wanaopita nyumba kwa nyumba wawe wanawake, au japo wawili wawili.

Nyumba ni mali ya nani? Swali hilo nilidhani jepesi. Chaguo ni kama umenunua, umejenga, umerithi au umepanga. Sasa nyumba imeachwa na marehemu, ndugu ni saba, mirathi haijagawanywa huu mwaka wa kumi na tano, wanaokaa ni wawili na wengine wanne wako Mombasa na mmoja amekufa kaacha watoto. Umerithi? Ndiyo, umerithi sehemu ya sehemu. Nikaandika kurithi. Nyumba nyingine ni wakfu wa msikiti, anayekaa hutoa kitu kidogo kila mwezi. Hiyo niliiandika ya kupanga kutoka taasisi ya dini, na naamini niliipatia.

Na sasa hilo lako la kaimati. Swali la sensa lilikuwa hivi: katika siku saba kabla ya usiku ule, fulani alikuwa akifanya nini hasa? Neno "hasa" ndilo lililowameza wanawake wa Lamu. Yule binti mkubwa wa juu, nilimkuta mikono nyeupe ya unga hadi kwenye viwiko. Saa kumi ya alfajiri huanza mahamri, saa moja yamekwisha, saa nne anashona kofia, jioni mikate ya mofa. Nikamuuliza hasa anafanya nini. "Mimi? Nimekaa tu, mwanamke wa nyumbani." Nikamtazama unga. Akautazama na yeye. "Haya ni ya kusukuma siku," akasema. Karani haruhusiwi kumjibia mtu. Nikabonyeza kazi za nyumbani, na kwa kidole hicho kimoja nikamtoa kabisa katika hesabu ya watu wenye kazi Lamu. Hata wanaotafuta kazi hayumo. Yuko nje ya ukuta, pamoja na wanafunzi na wazee. Nikaenda nyumba ya jirani, na huko nako nikapewa hamri.

Kwa wanaume lilikuwa jambo la upepo. Agosti kusi bado anavuma. Vyombo vingi vya baharini viko nchi kavu, nyavu zinashonwa, mabaharia wako barazani na bao. Unamuuliza mtu siku saba zilizopita alifanya nini, anakuambia ukweli: hakuna. Laiti sensa ingekuwa Desemba, kaskazi imetulia, mtu yule yule na chombo kile kile angekuwa mvuvi, na mtaa ule ule ungeonekana una kazi. Kila miaka kumi wanakuja Agosti. 2009 Agosti, 2019 Agosti. Sina ugomvi nao, nchi ni kubwa na lazima wachague siku. Lakini wewe unayeandika ya mtaa mmoja huna haja ya kufungwa na Agosti.

Cha kufanya. Mwombe naibu wa chifu barua fupi, na mpitie kwa wazee wa Nyumba Kumi, wao wanajua kila mlango na nani amehama. Daftari la mistari linatosha. Usiandike jina la mtu, andika namba ya mlango tu. Uliza vyungu vingapi. Kwa kila chungu, jana usiku walilala wangapi, wangapi hawajafika miaka mitano, wangapi wanasoma, wangapi ni wazee. Maji ya kunywa yanatoka wapi na ya kuogea yanatoka wapi, maana mfadhili wako ni wa maji na hilo amesahau kuliuliza. Kuta na paa utaona kwa macho, usiulize, watu hukasirika. Na kwenye kazi, nakusihi, usiulize "unafanya kazi?" Uliza "jana pesa iliyoingia nyumba hii ilitoka wapi?" na baada yake, "na kaskazi?" Utashangaa.

Utawafikia wote kwa siku tano mkiwa sita. Sisi tulipewa wiki.

FundiChokaa alijibu:

Bi Karani umenena. Nami naongeza la nyumba, kwani ndilo nilijualo. Mniwie radhi, mimi huandika kama nisemavyo.

Ummu, usiandike "nyumba za mawe" ukaata hapo. Mgeni akisoma Lamu na mawe, aona picha za Mkomani, milango ya nakshi, adhani siye sote ni matajiri wataka tangi la kuogelea. Mui wa kale ulioingia orodha ya UNESCO mwaka 2001 ni hekta 16 hivi, si zaidi. Huko kuta ni matumbawe na chokaa, mkono mzima kwa unene, na upana wa chumba ni urefu wa boriti, kwani boriti za mikoko hazifiki mbali. Ndiyo maana vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba kama mtumbwi. Watu walipoongezeka waliongezeka nyuma, na nyuma hakuna hayo. Gadeni nyumba nyingi nilizozigusa kwa mikono yangu ni mawe ya kukatwa ya Manda Maweni na saruji, mabati yuu, na hapa na pale udongo na makuti yaliyosalia.

Na tazama yuu vizuri. Kuna nyumba ina zege tini, kisha yuu ya zege imetiwa nguzo na makuti, kwa kuanika nguo na kulala wakati wa joto. Hiyo paa lake ni lipi? Mwaka wa sensa kijana wa watu aliniuliza mimi mwenye nyumba, nikamwambia chagua unalolipenda, mvua hainyeshei lolote. Lakini wewe yaandike yote mawili. Makuti ni moto. Mui huu ukishika moto wakati wa kaskazi huruka paa kwa paa, na ndia ni nyembamba, gari la zima moto litapita wapi? Tangi la mtaa si la kunywa pekee. Mwambie mfadhili hilo.

Tena usisahau kwamba nyumba yenyewe ni kazi. Jiwe moya mpaka liingie ukutani limelisha mkataji wa Maweni, mwenye mashua, wapakuzi wa gatini, mwenye punda, fundi na msaidizi. Punda wawili wa jirani yangu wasomesha watoto watatu. Ukimuuliza kazi yake atakwambia hana, ana punda.

NahodhaWaKaskazi alijibu:

Nami niseme la wavuvi kidogo halafu niwaache.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu karibu 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa ajili ya ujenzi wa bandari. Kabla ya hapo ukimuuliza kijana kazi yake ni "vibarua vibarua tu." Baada ya hapo, subhanallah, hata anayetapika kwenye boti ya Mokowe akawa mvuvi. Kwa hiyo Ummu, ukiuliza "nani mvuvi" uwe na subira. Watu watataka kujua kwanza orodha yako inakwenda wapi.

Na mvuvi si kazi moja. Kuna mwenye chombo ambaye hajalowa maji miaka ishirini. Kuna nahodha, kuna mabaharia, na samaki wakija chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lao, ndipo sisi tugawane. Kuna mchuuzi wa gatini. Kuna mama karanga anayewakaanga na kuuza jioni, na yeye mara nyingi ndiye anarudi nyumbani na pesa ya uhakika kuliko mimi. Ukiandika mvuvi kwangu na "nyumbani" kwake, umekosea mara mbili.

Wanaoingia bandarini kwa vibarua wapo, tangu gati la kwanza lifunguliwe 2021, lakini Gadeni si wengi kama tulivyoahidiwa barazani. Wengi waliokuja kwa kazi hizo wamepanga Mokowe na Hindi, ni karibu. Kijana wa Mokowe atatuambia kodi zimefika wapi.

kijana_wa_Mokowe alijibu:

Usiniulize kodi Nahodha, mimi mwenyewe nimerudi kwa mama.

UmmuGadeni aliandika:

Bi Karani, Fundi, Nahodha, Mungu awalipe. Nimewasomea kamati maandishi yenu yote kwa sauti. Katibu aliposikia habari ya vyungu alikaa kimya, kisha akasema kwao ni viwili na hakuwahi kufikiri.

Tumeanza leo baada ya alasiri, wanawake wanne na wanaume wawili wa kubeba madaftari. Mimi nilichukua uchochoro wetu. Milango tisa, vyungu kumi na saba, waliolala jana ni 68. Mwenyekiti akaona ndogo. Nikamwambia huo ni uchochoro mmoja, bado ishirini na mbili. Akaanza kupiga hesabu kwa vidole, akanyamaza, akaomba aione ile karatasi tena.

Kwa maji: kumi na wanne kati ya vyungu kumi na saba wananunua madumu ya kunywa kwa mwenye punda. Kisima cha msikiti ni cha kuogea tu, kimeingia chumvi. Hilo kweli mfadhili hakuliuliza, nami nimeliweka mstari wa kwanza.

Nilirudi ile nyumba ya kwanza ya "hatuna kazi, mwanangu." Safari hii niliuliza kama ulivyonifundisha, jana pesa ilitoka wapi. Mama akanyoosha kidole kimoja, kaimati. Cha pili, kijana wake alishusha mizigo ya jahazi gatini. Cha tatu, binti anamfundisha mtoto wa jirani Kurani, wanampa chochote. Cha nne, chumba cha uani wamempangisha askari. Akakwama hapo, akafikiri, akanyoosha cha tano: mume ametuma kwa simu kutoka Mombasa, ingawa kidogo. Akauangalia mkono wake umefunguka wote. "Kwani hizi nazo ni kazi?" Nikamwambia Bi Karani amesema ndiyo. Amekutumia salamu na kaimati sita, nimezila kwa niaba yako.

Nina swali moja lililobaki, Bi Karani, na ni la haraka maana kesho tunaendelea. Mlango namba saba, bwana ana wake wawili, mmoja hapa Gadeni na mwingine Kashmir. Jana ilikuwa zamu ya Kashmir. Mke wa Gadeni anashikilia nimwandike hapa, kwa kuwa mchana alikula kwake, na samaki alimnunua yeye. Nimhesabu?

BiKarani alijibu:

Alilala Kashmir?

UmmuGadeni aliandika:

Alilala Kashmir.

BiKarani alijibu:

Mwachie mwenzake. Na ukitoka hapo mlango wa saba toka haraka, usingoje chai.